Kujitengenezea taa ya kupiga mbizi usiku: maji yanaingilia wapi, na utayazuiaje

Taa yangu ya kwanza ya kujitengenezea ilidumu dakika sita majini. Ulikuwa usiku wa maji mafu, mwezi wa pili, kaskazi imetulia na bahari ya Diani imesafika. Tulikuwa wawili, mita 11 chini, mwenzangu mbele akifuata ukingo wa mwamba. Kwanza mwanga uligeuka rangi ya chai, ukapepesa mara mbili, kisha giza. Sikuwa na taa ya pili. Nilikaa pale pale nikihesabu pumzi zangu hadi mwenzangu alipogeuka na kuona kwamba nyuma yake hakuna mwanga. Ufuoni nilipoifungua ilitoa maji kiasi cha vijiko viwili, na juu ya mpira wa kuzibia ulikuwa umelala unywele mmoja. Ulikuwa wangu mwenyewe.

Tangu usiku huo nimetengeneza taa nyingine kadhaa, na vijana wa pwani wanaozamia wameniuliza mara nyingi zinavyotengenezwa. Taa ya dukani iliyoundwa kwa kazi hii ni ghali, na wengi huishia kufunga tochi ya kawaida ndani ya mfuko wa nailoni au kipande cha mpira wa baiskeli. Hiyo itakuvusha magoti kwenye maji ya kupwa ukitafuta pweza. Kwa kuzamia haifai hata kidogo. Hapa naeleza taa inayoweza kufanya kazi hadi mita 20, na zaidi ya hapo sikushauri. Meli ya MV Dania iliyozamishwa karibu na Mombasa mwaka 2002 iko kwenye kina cha mita 30 hivi. Ukitaka kuiona usiku, kodi au nunua taa ya kiwandani.

Maji yanakandamiza kiasi gani

Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza mkandamizo wa takriban kilo 1 kwa kila sentimita mraba. Chukua kioo cha mbele cha taa chenye upana wa sentimita 5. Eneo lake ni karibu sentimita mraba 20, kwa hiyo kwenye mita 20 kinabeba kama kilo 40. Ni mfuko wa saruji kasoro kilo 10, umesimamishwa juu ya kitu cha ukubwa wa kifuniko cha chupa ya jemu. Kioo cha tochi ya dukani hakikutengenezwa kwa mzigo huo. Kitapinda, na kikipinda kinainuka pembeni, maji yanaingia.

Lakini hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Taa iliyoundwa vizuri huvuja zaidi karibu na uso wa maji kuliko chini. Kadiri unavyoshuka, maji yanaukandamiza mpira na kuubana zaidi. Kwenye mita ya kwanza hakuna nguvu ya kutosha ya kuubana, na kama kuna mchanga au unywele, hapo ndipo maji yanapopita. Taa yangu ya kwanza ilianza kuingiza maji nikiwa bado naelea nikirekebisha miwani. Nilishuka nayo ikiwa imekwisha kufa, ila haijajua.

Mwili wa taa

Usitumie paipu nyembamba ya maji machafu. Tumia paipu ya PVC ya maji ya presha, ile iliyopigwa chapa PN10 au zaidi ubavuni. Namba hiyo ina maana kwamba inastahimili kilo 10 kwa sentimita mraba kutoka ndani. Mkandamizo wa kutoka nje ni jambo jingine, lakini kwa kipenyo cha milimita 50 na kina cha mita 20, ukuta wa paipu hiyo unatosha. Urefu wa sentimita 25 unakupa nafasi ya betri, swichi na kichwa cha taa.

Kama unamjua fundi mwenye mashine ya kukereza, mwombe akukerezee kichwa cha alumini. Sababu ni joto. Balbu ya LED yenye nguvu hutoa joto jingi nyuma yake, na PVC hailipitishi. Ukiifungia ndani ya plastiki tupu itajichoma kwa dakika chache. Kichwa cha alumini kinachogusa maji moja kwa moja hulipeleka joto baharini, na bahari haichoki kulipokea. Panga LED juu ya alumini hiyo kwa gundi ya kupitisha joto au kwa skrubu na grisi yake. Na usiiwashe muda mrefu ukiwa nchi kavu. Sekunde chache za kuonyesha marafiki zinatosha.

Kioo cha mbele kiwe akriliki ya unene wa milimita 8 hadi 10. Mafundi wa mabango huwa na vipande vilivyobaki na huuza kwa bei ya kutupa. Kata mviringo, lainisha kingo kwa msasa wa maji, na ukilaze juu ya bega la alumini lenye mpira, ili maji yakisukuma yakibane dhidi ya bega hilo. Ukikifunga kinyume, yaani kishikiliwe na gundi kutoka ndani, kina kitakuwa kinafanya kazi ya kukibandua. Nimeona taa mbili za watu zilizokufa hivyo.

Mpira wa kuzibia

Mafundi wa pampu na wa magari wanauita oringi, nami nitautumia jina hilo. Hiki ndicho kiini cha taa nzima. Balbu na betri mtu yeyote mwenye subira anaweza kuziunganisha, lakini oringi ikikosewa hakuna kinachobaki.

Oringi hukaa ndani ya mfereji mdogo uliokatwa kuzunguka kizibo. Mfereji uwe na kina kinachouacha mpira ukitokeza kidogo, ili ukiingizwa kwenye paipu ubanwe kwa karibu moja ya tano ya unene wake. Kwa oringi ya milimita 3, kina cha mfereji kiwe milimita 2.4 hivi, na upana milimita 4 ili mpira upate pa kutanukia. Mfereji ukiwa na kina kirefu mno, mpira haubanwi. Ukiwa mfupi mno, mpira unakatwa siku ya kwanza unapoingiza kizibo. Weka oringi mbili, moja nyuma ya nyingine. Ya kwanza ikikosa, ya pili inakupa muda wa kurudi juu.

Ndani ya paipu, pale oringi zinapokaa, pasuguliwe kwa msasa laini hadi pang'ae. Mkwaruzo unaokwenda kwa urefu wa paipu ni njia ya maji, hata kama macho hauuoni vizuri. Pitisha ukucha. Ukucha ukikwama, endelea kusugua.

Paka oringi grisi ya silikoni, kidogo tu, mpira ung'ae bila kutapakaa. Mafuta ya kujipaka yanayotokana na petroli huvimbisha baadhi ya mipira na kuilegeza, kwa hiyo yaache nyumbani. Wengine hupaka grisi nyingi wakidhani ndiyo inayozuia maji. Kinachozuia maji ni mpira uliobanwa. Grisi inausaidia tu kuteleza, na ikizidi inakusanya mchanga.

Kizibo usikifunge kwa hesi. Hapa nitasisitiza, kwa sababu watu hupenda hesi kwa kuwa inaonekana imara. Betri ikiharibika ndani ya taa inaweza kutoa gesi. Kifuniko cha hesi kitaizuia gesi hiyo hadi taa ipasuke, au hadi siku utakapoifungua uso wako ukiwa mbele yake. Kizibo cha kusukuma, kinachoshikiliwa na oringi peke yake na kamba nyepesi ya kuzuia kisipotee, huzidi kukazwa na maji ya nje, lakini gesi ikijaa ndani kinatoka chenyewe kabla hali haijawa mbaya.

Swichi bila tundu

Kila tundu unalotoboa kwenye mwili wa taa ni mlango mwingine wa kulinda. Swichi ya kawaida inahitaji tundu. Swichi ya sumaku haihitaji. Ni kile kijibomba kidogo cha kioo kinachotumika kwenye kengele za milango na madirisha: sumaku ikikaribia, vipande viwili vya chuma ndani yake vinagusana. Unakibandika ndani ya ukuta wa PVC, na nje unavisha pete ya plastiki yenye sumaku. Ukizungusha pete, taa inawaka, na maji hayana pa kupita.

Kijibomba hicho hakiwezi kubeba umeme wote wa balbu. Vyuma vyake vitaungana kwa joto na taa haitazimika tena. Kiache kifanye kazi ya kumwamsha tu yule mwenye nguvu, yaani transista ya aina ya MOSFET inayokubali kufunguka kwa volti 3. Unganisha pia kizuizi cha kilo-omu 100 kati ya mguu wa amri na mguu wa hasi, la sivyo taa itabaki imewaka hata sumaku ikiondoka. Kwa fundi wa redio hii ni kazi ya nusu saa. Na kama unavaa dira mkononi, taa ishike mkono mwingine, maana sumaku itaipoteza.

Balbu, betri na rangi ya mwanga

Usitafute mwanga mkali kupita kiasi. Maji ya pwani, hasa karibu na midomo ya mito kama Sabaki, yana chembe nyingi, na mwanga mpana unazirudishia chembe hizo machoni pako kama taa za gari ndani ya ukungu. Mwanga mwembamba hupenya zaidi. Kumbuka pia kwamba kioo bapa kikiwa majini hubana mwale: mwale wa nyuzi 60 hewani hubaki nyuzi 44 hivi majini. Basi usinunue kiakisi chembamba mno kwa kukijaribia sebuleni.

Rangi nyekundu ndiyo inayomezwa kwanza na maji. Baada ya mita chache imepungua sana, na ndiyo maana mchana kitu chekundu kwenye mita 15 huonekana cha kijivu. Usiku, ukikisogezea taa yako karibu, wekundu wote unarudi, kwa sababu mwanga umesafiri nusu mita tu. Hii ndiyo raha kubwa ya kuzamia usiku na hakuna picha inayoieleza vya kutosha.

LED inayokula wati 5 inatosha. Betri moja ya lithiamu ya ukubwa wa 18650, iliyo nzima, hubeba takriban wati 10 za saa moja. Kwa hesabu ya karatasi hiyo ni saa mbili. Wewe hesabu saa moja na nusu, na panga mbizi za dakika 40. Nunua yenye kinga ndani yake dhidi ya kuisha kupita kiasi na dhidi ya kugusanisha waya. Betri zilizofumuliwa kutoka kwa kompyuta kuukuu ni rahisi kupatikana mitaani, nami nilizitumia zamani. Siku hizi sizitumii, kwa sababu hujui imepigwa joto mara ngapi, na kitu usichokijua hukifungii ndani ya paipu unayoishika usiku.

Usichaji betri ikiwa ndani ya taa. Itoe, ichaji juu ya sakafu ya saruji, mbali na godoro na mapazia.

Kuijaribu, hata ukiwa Bukura

Natoka Bukura, Kakamega, zaidi ya kilomita 800 kwa barabara kutoka Mombasa. Najua kuna watakaocheka kwamba Mluhya wa bara anawafundisha watu wa pwani mambo ya bahari. Kwetu taa na maji tunaviona kwa mbali: omena wanaouzwa kwa gorogoro sokoni wamevuliwa Ziwa Victoria usiku usio na mwezi, chini ya taa zinazoelea, zamani karabai na siku hizi LED. Bukura yenyewe inajulikana kwa chuo cha kilimo, na watu wa kilimo wanaelewa paipu na mteremko. Niliporudi nyumbani likizo na taa ya pili isiyojaribiwa, ni mteremko ulionisaidia.

Maji hayajui kama yako baharini au shambani. Safu ya maji yenye kimo cha mita 20 hukandamiza karibu sawa na bahari ya mita 20 (ya bahari huzidi kidogo tu kwa sababu ya chumvi), hata kama safu hiyo imo ndani ya mpira mwembamba unaoteremka mlimani. Nilichukua paipu ya PN10 ya inchi tatu, nikafunga upande mmoja kabisa, upande wa pili nikaweka kifuniko chenye kiunganishi cha mpira wa maji. Ndani niliweka taa, bila betri wala balbu, nikiwa nimejaza karatasi ya chooni. Nikajaza maji hadi hewa yote ikatoka, nikaunganisha mpira, na nikaupandisha kutoka kijitoni hadi juu ya shamba. Kimo nilikipima hatua kwa hatua kwa ule mpira mwembamba wa maji wanaotumia waashi. Kinachohesabiwa ni kimo cha wima, si urefu wa mpira uliolala chini. Nikaujaza mpira hadi juu na kuuacha saa nzima, huku watoto wa jirani wakiuliza kama namwagilia mahindi yaliyokwisha kuvunwa.

Karatasi ilitoka kavu. Kama ingekuwa na alama ya unyevu ningejua palipovuja, kwa sababu karatasi huloa kuanzia hapo.

Pwani ambako hakuna mlima, ghorofa linafanya kazi ile ile. Mpira ukishuka kutoka ghorofa ya tano utakupa kama mita 12 hadi 15. Au, rahisi zaidi, iteremshe taa tupu kwa mshipi kutoka kwenye mashua iliyotia nanga, ikiwa na jiwe zito, hadi kina kinachozidi kile utakachozamia kwa nusu. Iache nusu saa. Hewa kidogo tu ndani ya taa inaweza kuifanya ielee, kwa hiyo jiwe lisiwe dogo. Rudia jaribio hilo kila ukibadilisha oringi. Usiweke vifaa vya umeme ndani kabla karatasi haijatoka kavu mara tatu.

Na jaribio la mwisho ni la mita ya kwanza niliyoitaja. Kabla ya kushuka, izamishe taa iliyowashwa kwa urefu wa mkono kwa dakika mbili, uitazame kioo chake. Ukiona hata pumbu moja ya ukungu kwa ndani, rudi mashuani.

Usiku wenyewe

Kila mtu awe na taa mbili. Ya kujitengenezea iwe moja kati ya hizo, na ya pili iwe ndogo ya kiwandani kama unaweza kuipata. Ikizimika moja, unawasha ya pili na mbizi imekwisha, mnapanda. Hakuna kujadiliana. Taa ya pili haikuwekwa ili uendelee kutazama pweza.

Kuzungusha mwanga polepole kwa mduara ni kusema niko salama. Kuupeperusha haraka huku na huku ni kuomba msaada. Usimmulike mwenzako usoni, maana macho huchukua nusu saa kuzoea giza tena, na dakika hizo zote ni hasara kwake. Wanaozamia kwa pumzi bila mtungi wasishuke wote pamoja: mmoja chini, mmoja juu akiutazama mwanga wa mwenzake. Mtu akizimia karibu na uso wa maji baada ya kukaa chini mno, ni yule wa juu tu anayeweza kumwona.

Chagua maji mafu, si bamvua, na miezi ya kaskazi. Wakati wa kusi maji huchafuka na mkondo hukutoa pale ulipodhani upo.

Sasa lile ambalo wengine hawatapenda nikiliandika. Taa hii ikikaa mkononi mwa mtu mwenye mkuki, inakuwa kitu kingine. Msemo wa usingizi wa pono haukuanza bure. Pono hulala usiku ndani ya mashimo ya mwamba, wengine wakijifunika utando wa ute, na mtu mwenye taa anaweza kuwaokota mmoja mmoja kama embe zilizoanguka. Ni samaki hao wanaokwangua mwani juu ya matumbawe mchana kutwa, na mwamba usio na pono hufunikwa na mwani. Bunduki ya mkuki imepigwa marufuku Kenya. Ndani ya hifadhi za baharini za Watamu, Malindi, Mombasa na Kisite hairuhusiwi kuvua kwa njia yoyote, na ukitaka kuzamia humo usiku, waulize kwanza maaskari wa wanyamapori. Nje ya hifadhi, wajulishe kamati ya ufuo. Mwanga unaotembea chini ya maji usiku wa manane huwaletea watu mashaka, na wana haki.

Zima taa ukikanyaga mchanga wa ufuo. Vitoto vya kasa vikiangua hufuata mwanga, na mwanga wako unaweza kuvipeleka kwenye barabara badala ya baharini.

Taa ikiingia maji

Ikitokea ukiwa chini, izime, iachilie ining'inie kwenye kamba yake mbali na mwili, na panda kwa mwendo wa kawaida. Maji ya chumvi yakikutana na betri hutoa gesi, na betri yenyewe inaweza kupata moto hata saa kadhaa baadaye. Ukifika nchi kavu elekeza kizibo upande usio na mtu, kitoe taratibu, na betri iliyolowa uiweke nje juu ya mchanga au saruji hadi asubuhi. Usiichaji tena, hata ikionekana nzima. Swichi na LED unaweza kuziosha kwa maji baridi ya mvua na kuzikausha. Yangu ya Diani bado inawaka.

Ikirudi salama, ioshe kwa maji matamu ikiwa bado imefungwa, ifute, kisha itoe betri. Oringi uzivue kwa kidole au kijiti cha mbao, si kwa bisibisi, uzipanguse na kuzichunguza kwenye mwanga wa dirisha. Ihifadhi taa ikiwa wazi. Na kabla ya kuifunga tena safari ijayo, funga nywele zako kwanza.